Upasuaji wa kupunguza uzito na bima: faili lako linasema nini?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 38 na kilo 91. Kisukari kiligundulika mwaka 2021. Natumia metformin na glibenclamide lakini sukari ya asubuhi haishuki chini ya 9. Presha nameza amlodipine. Magoti yananiuma, na mume wangu anasema nakoroma mpaka nakata pumzi. Nachoma sindano ya uzazi ya miezi mitatu. Nina kadi ya NHIF ya kazini, na pia nimo kwenye bima ya kampuni anakofanya kazi mume wangu. Nilipoulizia upasuaji wa kupunguza uzito nilipimwa, wakaandika urefu 1.63 na kuniambia BMI yangu ni 34.3, haijafika 35, kwa hiyo bima haiwezi kulipa. Lakini kadi yangu ya kliniki ya uzazi inasema urefu 1.60. Shoga yangu ananishauri niongeze kilo mbili tatu ili nifike. Kwenye intaneti nimesoma ni lazima kwanza nifuate mlo maalumu miezi sita chini ya daktari. Je, ni kweli? Nianzie wapi, na nina nafasi ya kulipiwa?"*

Marahaba, Mwalimu. Kabla ya lolote, usiongeze hata kilo moja. Shoga yako anakutakia mema, lakini ushauri wake utakuumiza mara mbili. Mafuta yanayoongezeka hayakai kiunoni tu, mengine hujazana kwenye ini, na ini lililojaa mafuta huwa kubwa. Upande wake wa kushoto umelala juu ya mfuko wa chakula, palepale anapotaka kufika daktari wa upasuaji. Ini la namna hiyo ni zito kulinyanyua na hutoka damu upesi. Ndiyo maana wapasuaji wengi humpa mgonjwa mlo mdogo wenye wanga kidogo kwa wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, ili ini lisinyae. Umizo la pili liko mezani kwa watu wa bima. Atakayesoma maombi yako ataona uzito umepanda ghafla muda mfupi kabla ya kuomba, na atajiuliza kama mgonjwa huyu anafuata maelekezo ya kliniki.

Tena huna haja ya kufanya hivyo. BMI ni uzito wako kwa kilo, ugawanywe kwa urefu mara urefu kwa mita. Ukiwa na 1.63, kilo 91 zinatoa 34.3. Ukiwa na 1.60, kilo zilezile zinatoa 35.5. Sentimita tatu tu ndizo zilizokuweka chini ya mstari, na sentimita tatu ni viatu na kilemba. Kliniki ya uzazi huwa makini na urefu kwa sababu mama mfupi huangaliwa zaidi wakati wa kujifungua, kwa hiyo nina imani zaidi na ile kadi. Lakini usiende kubishana nayo mkononi. Omba upimwe upya: miguu mitupu, kilemba umevua, nywele zilizofungwa juu umezifungua, visigino na mgongo vimegusa ukuta, macho yanatazama mbele, kibao kimegusa utosi. Uzito upimwe asubuhi kwenye mzani uleule kila mwezi, ukiwa na nguo nyepesi, bila mkoba wala simu. Muuguzi aandike vipimo vyote viwili kwenye daftari lako la kliniki, tarehe na sahihi. Urefu wa mtu wa miaka 38 haubadiliki, ukiandikwa sawasawa mara moja umemaliza.

Sasa hiyo namba 35. Ni kipimo cha kitabibu, wala haikutungwa na kampuni ya bima. Mwaka 1991 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilisema upasuaji huu umfae mwenye BMI ya 40 au zaidi, au mwenye 35 au zaidi akiwa na maradhi makubwa yanayoletwa na unene, kama kisukari. Oktoba 2022 vyama viwili vya wapasuaji wa fani hii, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilishusha mstari: kuanzia 35 upasuaji unapendekezwa hata kama mtu hana maradhi mengine, na kati ya 30 na 34.9 ufikiriwe kwa mwenye maradhi ya kimetaboliki, yaani ya jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Kwa kisukari walienda mbali zaidi, wakaupendekeza kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kuanzia BMI ya 30. Maana yake, kitabibu una sifa kwa mizani ya zamani ukiwa na 35.5, na kwa mizani ya sasa unayo hata ungekuwa na 34.3 kweli. Aliyekwambia "haijafika" alikuwa anasoma mstari wa zamani juu ya kipimo kibovu.

Ila kuwa na sifa kitabibu na kulipiwa ni mambo mawili. Bima hailipii unene. Hulipia ugonjwa uliothibitishwa na kuandikwa, kwa huduma iliyomo kwenye kitita chako (orodha ya huduma ambazo kadi yako inalipia), iliyotolewa na hospitali yenye mkataba, baada ya njia sahihi kufuatwa. Kimoja kikikosekana, hata uwe na BMI ya 50 utarudishwa. Watu wengi hukimbilia namba ya uzito na kuacha hayo mengine, ndiyo maana wanahangaika miezi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kitita cha kadi yako kina upasuaji huu? Usipokee jibu la mdomo, liwe la mtu wa mapokezi au la mwalimu mwenzako aliyeulizia zamani. Vitita hubadilishwa. NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walianza kutumia kitita kipya Machi 2024, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeleta mpangilio mwingine wa mafao. Jibu la juzi laweza lisiwe la leo. Andika barua fupi kwa ofisi ya Mfuko ya mkoa, hapa hapa Tanga, na baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Iandike hivi: "Mimi ni mwanachama namba fulani. Nina kisukari cha aina ya pili, presha na unene uliokithiri. Naomba kufahamishwa kwa maandishi kama upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa ajili ya matibabu ya kisukari na unene umo kwenye kitita changu. Kama unahitaji kibali cha awali. Ni hospitali zipi zenye mkataba wa kuutoa. Na kama vipimo vya maandalizi na kliniki za baada ya upasuaji vinalipiwa hata pale ambapo upasuaji wenyewe haulipiwi."

Hilo la mwisho usilisahau. Vipimo vya sukari, moyo, figo, mafuta ya damu na ultrasaundi ya tumbo ni sehemu ya matibabu ya kisukari na presha yako kwa vyovyote vile. Mara nyingi hata pale upasuaji unapokataliwa, hivyo hupita kwenye kadi kwa njia ya kawaida ya kliniki, na mgonjwa anayejua hivyo hujikuta amebakiza gharama ya chumba cha upasuaji peke yake.

Bima ya kampuni ya mume wako ni mnyama mwingine. Ule ni mkataba wa kibiashara kati ya mwajiri na kampuni, na kila mwajiri hununua alichonunua. Mume wako aende kwa afisa rasilimali watu aombe kijitabu cha mafao, kisha mfungue ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya ukurasa wa yale yanayolipiwa. Tafuteni maneno kama "matibabu ya unene", "kupunguza uzito" na "upasuaji wa urembo". Yakiwa yameandikwa pale, barua ya daktari haitayafuta. Yasipokuwepo, angalieni ukomo wa mwaka wa kulazwa, muda wa kusubiri kwa maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kuingia kwenye bima, na kama mwenza ana ukomo sawa na mfanyakazi. Kuna mlango ambao watu hawaugongi: mikataba ya kikundi hufanywa upya kila mwaka, na wiki za kabla ya kusaini ndizo ambazo mwajiri anaweza kuomba kipengele kiongezwe. Wafanyakazi wakilileta jambo hilo pamoja kwa maandishi lina uzito kuliko mmoja akilalamika baada ya kukataliwa.

Kadi mbili si ruhusa ya kudai bili moja mara mbili. Ila kama kadi ya kwanza imegoma kwa maandishi, ya pili inaweza kuombwa kwa masharti yake. Iambie wazi kwamba unayo ile nyingine.

Sasa ile miezi sita. Uliyosoma yapo, ila ni ya kampuni nyingi za bima za Marekani. Zile hudai mgonjwa aonekane na daktari au mtaalamu wa lishe kila mwezi kwa miezi mitatu, sita, hata kumi na miwili, akikosa mwezi mmoja aanze upya. ASMBS yenyewe imekwisha kusema kwamba hakuna ushahidi kuwa kumlazimisha mtu kupungua kwanza kwa ajili ya bima kunaboresha matokeo, kunamchelewesha tu. Kwa hiyo usijihesabie kifungo cha miezi sita ambacho hakuna aliyekuhukumu hapa.

Hata hivyo, kumbukumbu za miezi kadhaa zitakusaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu moja. Msomaji wa maombi anataka kuona kwamba njia nyepesi zimejaribiwa, zimesimamiwa, na hazikutosha. "Mgonjwa amejaribu kupunguza uzito bila mafanikio" ni sentensi isiyobeba kitu. "Januari kilo 93, Februari 91.5, Machi 90, Juni 92. Alionwa na mtaalamu wa lishe mara nne. HbA1c ilikuwa 9.1, ikawa 8.7 kwa dawa mbili" ni ushahidi. (HbA1c ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu.) Kama umekuwa ukienda kliniki ya kisukari tangu 2021, nusu ya faili lako ipo tayari mahali fulani. Ombeni lile daftari la zamani litafutwe, toa nakala, na usimwachie mtu nakala halisi.

Faili kamili huwa na barua ya daktari anayekutibu, rufaa, daftari la uzito na presha, majibu ya maabara, maoni ya mtaalamu wa lishe, maoni ya mtaalamu wa afya ya akili, na maoni ya daktari wa upasuaji mwenyewe. Nizungumzie barua, maana hapo ndipo maombi mengi yanapofia. Daktari akiandika "unene" peke yake na E66, ambao ni msimbo wa unene kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, anayesoma anaweza kuiweka kwenye fungu la urembo bila kugeuza ukurasa. Ugonjwa wako mkubwa ni kisukari cha aina ya pili kisichodhibitika, E11, na presha, I10. Unene ndio unaoviendesha. Barua iseme hivyo kwa mpangilio huo: ugonjwa, tangu lini, dawa zipi kwa dozi gani, matokeo kwa namba, madhara yaliyoanza kuonekana kwenye macho, figo au miguu kama yapo, kisha kwa nini upasuaji na si kuongeza dawa nyingine. Simshauri daktari atie chumvi. Kilichopo kwako kinatosha, kiandikwe tu. Na majina matatu kwenye barua, kadi na majibu ya maabara yafanane herufi kwa herufi. Maombi hurudishwa kwa sababu ya herufi moja.

Kuhusu HbA1c, kuna jambo la ukanda wetu huu. Huku pwani wapo watu wengi wanaobeba kinasaba cha sikoseli bila kuumwa, na baadhi ya mashine hutoa HbA1c isiyo sahihi kwao. Kama kuna sikoseli kwenye ukoo wenu, mwambie daktari, na ambatisha pia orodha ya sukari ya asubuhi ya wiki kadhaa.

Upande wa rufaa, usiruke ngazi. Kadi ya NHIF husoma njia: kituo unachotibiwa, hospitali ya mkoa ambayo kwetu ni Bombo, kisha hospitali ya taifa. Mloganzila, ambayo ni sehemu ya Muhimbili, imekuwa ikitoa huduma ya puto la tumboni na upasuaji wa kupunguza uzito, kwa hiyo rufaa yako ikiandikwa kwenda huko itaje kliniki unayokwenda, isiishie kwenye jina la hospitali. Ukisafiri na basi la njia ya Segera na Chalinze, Mloganzila ni upande wa Kibamba, kabla hujafika stendi ya Magufuli pale Mbezi, hivyo hakuna sababu ya kuingia mjini na kurudi nyuma. Safari ni kama kilomita 350. Panga miadi ya daktari wa upasuaji, mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa usingizi (anayelaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji) ndani ya siku mbili zinazofuatana. Wakiambiwa umetoka Tanga mara nyingi husaidia kupanga, ukiomba mapema.

Ukikataliwa, usikate tamaa wala usikate rufaa kabla ya kujua sababu. Dai sababu kwa maandishi. Kama wamesema huduma haimo kwenye kitita, barua kumi za daktari hazitaiingiza, na nguvu zako zielekee kwenye kadi ya pili, mpango wa malipo na hospitali, au njia nyingine nitakazozitaja. Kama wamesema nyaraka hazijakamilika, hiyo ni habari njema, jaza pengo urudishe. Hospitali haina mkataba? Omba rufaa nyingine. Wakisema ni urembo, hapo ndipo barua ya pili ya daktari ina kazi, ikinukuu mwongozo wa 2022 na namba zako za sukari. Kwa kampuni binafsi, malalamiko yasiyomalizika ndani ya kampuni unaweza kuyapeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Pale wanasoma mkataba, kwa hiyo nenda nao mkononi.

Hata kama kesho ungeambiwa bima imekubali, ni lazima ujue unachokiomba. Upasuaji huu una aina mbili kuu, slivu na baipasi. Kwenye slivu, daktari hukata na kuondoa kama robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba. Si kwamba unashiba tu kwa sababu nafasi ni ndogo. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na chakula kikifika haraka kwenye utumbo, utumbo hutoa homoni zinazomwambia ubongo kwamba inatosha na kuisaidia kongosho kutoa insulini. Ndiyo sababu sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua. Kwenye baipasi hutengenezwa kijimfuko cha mililita 30 hivi na chakula kikapitishwa pembeni ya sehemu ya mwanzo ya utumbo. Baipasi ina nguvu zaidi kwa kisukari na kwa mwenye kiungulia kikali, lakini upungufu wa vitamini ni mkubwa zaidi. Kwa wastani mtu hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake wote katika mwaka mmoja hadi miwili, kisha baadhi ya kilo hurudi. Kwako hiyo ni kushuka kutoka 91 hadi kati ya 61 na 68 hivi.

Puto ni kitu tofauti. Huingizwa kwa kamera bila kukata, hukaa miezi sita au zaidi kutegemea aina, kisha hutolewa. Hupunguza kama asilimia 10 hadi 15, na likishatoka njaa hurudi. Kwa kisukari kama chako silioni kama tiba ya kudumu, na ukiwa unalipa mfukoni fikiria mara mbili kabla ya kumaliza akiba kwenye kitu cha nusu mwaka. Sindano za semaglutide kwa dozi ya kupunguza uzito zilishusha wastani wa asilimia 15 hivi katika wiki 68 kwenye utafiti mkubwa, lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya kilo ndani ya mwaka. Ni dawa nzuri kwa anayeweza kuimudu miaka yote.

Kuna njia ambayo haihitaji kibali cha mtu, na ningeianza wiki hii. Glibenclamide huongeza uzito. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Unazitumia zote mbili. Usiache mwenyewe, lakini muulize daktari wako kama kuna dawa ya sukari isiyonenepesha inayopatikana kwenye kadi yako, na kama kitanzi kinaweza kuchukua nafasi ya sindano. Mkirekebisha hayo, uzito na sukari vikashuka vizuri, utakuwa umepona bila kisu. Visiposhuka, umepata ukurasa mwingine wa ushahidi. Upimwe pia tezi ya shingo kwa kipimo cha TSH, na useme kama umewahi kumeza dexamethasone au prednisolone kwa muda mrefu, zikiwemo zile "dawa za kunenepa" za dukani.

Mtaalamu wa afya ya akili asikutishe. Hatafuti kichaa. Anataka kujua kama una ulaji wa usiku usioweza kuuzuia, kama una sonona isiyotibiwa, kama unaelewa kwamba vidonge vya vitamini utameza maisha yote, na kama nyumbani kuna mtu wa kukushika mkono. Mume wako aliyesikia kukoroma kwako na kukuambia ni shahidi mzuri, nenda naye.

Na hapo kwenye vitamini ndipo wengi huanguka, kwa sababu ni gharama ambayo mara nyingi haimo kwenye hesabu ya bima. Utahitaji multivitamini, kalsiamu na vitamini D, madini ya chuma hasa ukiwa bado unaona siku zako, na B12. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Ujauzito usubiri miezi 12 hadi 18, na jihadhari, maana uzito ukishuka uzazi hufunguka. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi si vya kuviamini, afadhali kijiti au kitanzi. Diclofenac, kama unaimeza kwa maumivu ya magoti, utaisahau, kwani hutoboa vidonda kwenye maungio mapya. Kwa anayefunga Ramadhani, mwaka wa kwanza wengi hushauriwa wasifunge, maana lita moja na nusu ya maji kwa siku huingia funda kwa funda, hainyweki yote baada ya futari. Wali wa nazi na maandazi havijaharamishwa milele, ila samaki, mayai na maharage vitangulia kwenye sahani, na sahani yenyewe itakuwa ya chai.

Kwa kuwa daktari wako wa upasuaji atakuwa mbali, muulize kabla: nikipata homa saa nane usiku nikiwa Tanga, nampigia nani? Panga kukaa karibu na hospitali wiki mbili za mwanzo. Hatari ya kuvuja kwenye mshono iko kama asilimia 1 au 2, na kifo ni nadra, chini ya mmoja kwa mia, lakini ni hatari za siku na wiki za mwanzo. Mapigo ya moyo yanayopita 120, homa, maumivu ya tumbo au bega, kuvimba mguu mmoja, au kushindwa kupumua ni vya kukimbizwa hospitali bila kusubiri asubuhi. Kutapika kila kitu kwa siku mbili tatu pia. Na ukifika ukiwa unatapika hivyo, wewe au mumeo mseme kwa sauti: "Amefanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula, apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi." Thiamini ikiwa imekwisha mwilini, glukosi peke yake inaweza kuharibu ubongo, na muuguzi wa zamu hawezi kujua usipomwambia.

Dawa za sukari na presha zitapunguzwa mara tu baada ya upasuaji. Anayeendelea na glibenclamide kwa dozi ya zamani huku anakula vijiko vitatu, sukari yake itashuka hadi azimie.

Yote haya yatachukua miezi. Kukoroma hadi kukata pumzi hakuwezi kusubiri kiasi hicho. Nenda kituo chako wiki hii, uombe rufaa ya Bombo, mumeo aeleze anachokisikia usiku, na useme kama unaamka na kichwa kinauma au unasinzia mchana mbele ya wanafunzi. Ugonjwa huo hupandisha presha, huchosha moyo, na mtaalamu wa usingizi asipoujua ni hatari mezani kwa upasuaji wowote, hata wa kidole tumbo. Kwa sasa lala ubavu, usimeze dawa za usingizi wala dawa za mafua zinazolewesha, na usipande pikipiki ukiwa na usingizi. Maumivu ya kifua, au kuamka usiku huwezi kupumua ukiwa umelala chali, ni ya kwenda usiku huohuo.